Sura ya Saba: Kila Kikao Kijibu Kelele Zake

"Kama kichwa ni kilekile na mashine ni ileile, kwa nini picha ya juzi na ya leo hazifanani?"

Swali hili lina uzito wa pekee kwa mtu wa Karagwe au Kyerwa. Kutoka Kaisho, Nkwenda au Kayanga hadi hospitali ya rufaa ya kanda, iwe Bugando jijini Mwanza au Chato, ni safari inayomaliza nauli, siku za shamba na usingizi wa ndugu wanaosindikiza. Mtu aliyegharimika hivyo akiambiwa kipimo cha picha ya ubongo kirudiwe kwa sababu alitikisika, anastahili maelezo kamili.

Kwa picha ya hospitali maelezo ni mafupi. Daktari anatafuta umbo: uvimbe, damu iliyovuja, maji yaliyojaa kichwani. Mgonjwa akitikisika picha inakuwa na ukungu, mtaalamu anauona kwa macho, anarudia. Kosa liko wazi na dawa yake iko wazi.

Upo upigaji picha wa aina nyingine, unaotumiwa zaidi na watafiti, ambao kosa lake halionekani kwa macho. Hapo mtu hupigwa picha mamia kwa mamia, pengine kwa siku kadhaa, kisha picha zote huunganishwa ili kujua jinsi ubongo unavyofanya kazi. Kelele za siku moja, yaani mabadiliko ya picha yasiyotokana na ubongo, zikichanganywa vibaya na za siku nyingine, hakuna atakayeitwa kurudia. Kosa litaingia kwenye matokeo na kutembea duniani kwa jina la ugunduzi. Sura hii inaeleza namna ya kulizuia.

Mashine inaona nini hasa?

MRI ni njia ya kupiga picha ndani ya mwili kwa kutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Haitumii mionzi ya eksirei. Inategemea zaidi maji yaliyomo mwilini, ambayo chembe zake huitikia sumaku na kurudisha ishara inayoweza kugeuzwa kuwa picha. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2003 kwa kazi iliyoiwezesha.

Mwaka 1990 mwanasayansi Mjapani Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa oksijeni huiathiri sumaku kwa namna tofauti. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, mwili huipelekea damu mpya yenye oksijeni nyingi, na ishara ya hapo hupanda kidogo. Hii ndiyo tutakayoiita MRI tendaji: picha inayofuatilia ubongo ukiwa kazini.

Mashine hupiga picha ya ubongo mzima kila baada ya sekunde mbili hivi, kwa hiyo dakika 10 huzaa picha 300. Kila picha imegawanywa katika visanduku vidogo vyenye upande wa milimita 2 au 3, viitwavyo vokseli. Kila vokseli inabaki na mfululizo wa namba 300 zinazoonyesha jinsi mwanga wake ulivyopanda na kushuka.

Wengi huuliza kama mashine hii inasoma mawazo. Inachopima ni mabadiliko ya damu, yanayofika kileleni kama sekunde tano baada ya ubongo kufanya kazi, na kwa kawaida ni asilimia chache tu ya ishara yote, mara nyingine asilimia moja. Kitu kidogo namna hiyo huzamishwa upesi na mengine.

Kelele zisizosikika

Katika fani hii, kelele ni badiliko lolote la namba lisilotokana na kile tunachokitafuta. Haihusiani na mngurumo wa mashine, ingawa mashine yenyewe hunguruma sana. Kelele kuu ni hizi:

- Kichwa kusogea, hata kwa sehemu ya milimita.
- Kifua kupanda na kushuka kwa pumzi.
- Mapigo ya moyo yanayosukuma damu na maji ya ubongo.
- Mashine kupata joto, hivyo kiwango cha ishara kuhama polepole kadiri dakika zinavyopita.
- Kiwango cha mwanzo kutofautiana, kwa kuwa kila mara mashine hupangwa upya na kichwa hulazwa upya.

Ya kwanza ndiyo hatari kuliko zote. Mwaka 2012 Jonathan Power na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walionyesha kwamba mitikisiko midogo ya kichwa inaweza kuzusha uhusiano wa uongo baina ya sehemu za ubongo. Watoto hutikisika zaidi ya watu wazima, kwa hiyo tofauti iliyodhaniwa kuwa ya makuzi ya ubongo iliweza kuwa, kwa sehemu, tofauti ya kutulia. Watafiti wengi walilazimika kuyapitia upya matokeo yao.

Rigresa: maelezo ya kelele kwa namba

Ili kuondoa kelele, kwanza tunazieleza. Kompyuta inalinganisha kila picha na picha ya rejea na kuandika kichwa kilikuwa wapi: kimesogea kiasi gani katika pande tatu, na kimegeuka kiasi gani katika pande tatu. Hizo ni safu sita, kila safu ikiwa na namba moja kwa kila picha. Safu kama hiyo, inayoeleza chanzo kimoja cha kelele, huitwa rigresa.

Kisha kompyuta huiuliza kila vokseli: kupanda na kushuka kwako kunafuata safu hii kwa kiasi gani? Kiasi hicho hukadiriwa, sehemu inayofuata safu huondolewa, na kinachobaki huhesabiwa kuwa karibu zaidi na kazi ya ubongo. Kazi yote hiyo ndiyo kusafisha data.

*Kwa ufupi: rigresa ni safu ya namba inayoeleza kelele moja. Kusafisha ni kukadiria kelele hiyo imeingia kiasi gani katika kila vokseli, kisha kuiondoa.*

Hapo mtu mmoja akipigwa picha mara moja, mambo ni mepesi. Ugumu unaanza akilala mashinani mara tatu, leo, kesho na wiki ijayo. Kila mara anapolala mashinani na kupigwa mfululizo mmoja wa picha tutaita kikao. Je, safu za kichwa za vikao vitatu ziunganishwe ziwe safu moja ndefu, au kila kikao kiwe na safu zake?

Mizani ya siku tatu

Tuchukue mfano wa kubuni kutoka kwenye kazi inayojulikana kila kitongoji huku. Chama cha msingi kinapokea kahawa ya maganda kwa siku tatu. Siku ya kwanza mizani inazidisha kilo 2 kwa kila gunia. Siku ya pili iko sawa. Siku ya tatu inapunguza kilo 2. Karani anatafuta kosa la wastani kwa siku zote tatu na kupata sifuri. Anaandika kwamba mizani haina tatizo.

Hesabu yake ni sahihi, na wakulima bado wameumia. Aliyeleta gunia siku ya tatu amepoteza kilo 2, na wa siku ya kwanza amepewa zisizo zake. Tena kama wa kwanza wengi walitoka kitongoji kimoja na wa mwisho kitongoji kingine, mtu akisoma daftari ataamini kwamba kitongoji kimoja kinajaza magunia vizuri zaidi. Kosa la siku limegeuka kuwa sifa ya watu.

Dawa yake kila mkulima anaijua: mizani ipimwe kila asubuhi kwa jiwe la uzito unaojulikana, na marekebisho ya siku hiyo yatumike kwa magunia ya siku hiyo tu.

Kelele ileile, athari tofauti

Kwenye ubongo jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu kinachobadilika si kiwango cha mwanzo peke yake. Hata athari ya mtikisiko hubadilika.

Tuchukue vokseli moja iliyo pembeni mwa ubongo, mpakani na maji yanayouzunguka. Kikao cha kwanza, kichwa kikisogea mbele nusu milimita, vokseli hiyo inameza maji zaidi na mwanga wake unapanda asilimia 1. Wiki ijayo kichwa kimelazwa tofauti kidogo. Sasa mwendo uleule wa nusu milimita unaingiza mfupa badala ya maji, na mwanga unashuka asilimia 1.

Mtafiti akiunganisha safu za mwendo ziwe safu moja ndefu, anaipa kompyuta ruhusa ya kukadiria athari moja tu kwa vikao vyote viwili. Mitikisiko ikiwa inalingana, kupanda kwa kwanza na kushuka kwa pili vinafutana. Kompyuta inajibu kwamba mwendo hauna athari, haiondoi kitu, na kelele zinabaki zote katika kila kikao. Mtafiti, kwa nia njema kabisa, ataandika kwamba data imesafishwa dhidi ya mitikisiko ya kichwa.

Njia sahihi ni kukipa kila kikao safu zake. Kwa vikao vitatu, safu ya mwendo wa mbele huzaa safu tatu:

- Safu ya kikao cha 1: namba za mwendo katika picha za kikao cha 1, na sifuri katika picha za kikao cha 2 na cha 3.
- Safu ya kikao cha 2: sifuri, kisha namba za mwendo, kisha sifuri.
- Safu ya kikao cha 3: sifuri katika vikao viwili vya mwanzo, kisha namba za mwendo.

Zile sifuri maana yake ni kwamba safu hii haina la kusema kuhusu kikao kisicho chake. Kompyuta sasa inakadiria athari tatu, moja kwa kila kikao, na ile ya kupanda haikutani na ile ya kushuka.

Wengine husafisha kila kikao peke yake kwanza, kisha ndipo huviunganisha. Kama safu zote za kelele ni za kikao kimojakimoja, na kila kikao kina wastani wake, njia hizi mbili hutoa data safi ileile. Zinaachana pale mtafiti anapoweka katika hesabu hiyohiyo swali lake la utafiti, kwa mfano ubongo ulivyoitikia kila mshiriki alipogusisha vidole. Swali linaweza kuwa la pamoja kwa vikao vyote, kwa kuwa tunamtafuta mtu yuleyule na uwezo uleule. Kelele zinabaki za kikao.

*Kwa ufupi: swali la utafiti linaweza kushirikiwa na vikao vyote. Kelele zikishirikishwa bila sababu, vikao hufichiana makosa.*

Panapoteleza

Hata anayeijua kanuni hiyo anaweza kuharibu kazi katika hatua ndogondogo. Mwanafunzi anayeanza kazi hii ayaangalie haya:

1. Wastani wa kila kikao. Weka safu ya wastani kwa kila kikao. Bila hiyo, kikao kilichoanza na ishara ya juu kitaonekana kama ubongo uliochangamka zaidi siku hiyo.

2. Sifuri yenye maana. Namba za kila safu zipunguzwe wastani wake ndani ya kikao chake kabla ya kuwekwa sifuri kwingine. Vinginevyo safu itakuwa na ngazi mpakani mwa vikao, na pale safu za wastani zinapokosekana, athari ya mwendo itachanganyika na tofauti ya kiwango.

3. Kuhama polepole. Mashine ilipata joto Jumatatu, ikapoa, ikapata joto upya Alhamisi. Usichore mstari mmoja wa mabadiliko kuunganisha siku hizo. Kila kikao kiwe na mstari wake.

4. Kasi ya mwendo. Watafiti wengi huongeza safu za kasi, yaani tofauti ya mahali pa kichwa kati ya picha moja na inayofuata. Picha ya kwanza ya kikao cha pili isilinganishwe na ya mwisho ya kikao cha kwanza. Baina ya picha hizo mtu aliamka, akala, akalala, akarudi. Tofauti hiyo si mtikisiko.

5. Kuchuja. Kuchuja ni kuondoa mabadiliko ya haraka mno au ya polepole mno. Ukichuja baada ya kuunganisha vikao, mruko ulio kwenye kiungo utasambaa kwa picha za jirani. Chuja ndani ya kikao, na rigresa nazo zichujwe kwa namna ileile, au kuchuja na kusafisha vifanyike katika hesabu moja. La sivyo hatua ya pili itarudisha kelele ambazo hatua ya kwanza iliziondoa.

Gharama ya kusafisha kupita kiasi

Ikiwa safu nyingi ni nzuri, kwa nini tusiongeze bila kikomo? Kwa sababu kila safu inakula sehemu ya taarifa. Ukiwa na picha 150 na safu 150, kompyuta itaeleza kila kitu kuwa ni kelele, na hakutabaki chochote cha ubongo.

Tuangalie tafiti mbili. Mradi wa Human Connectome wa Marekani uliwapiga picha vijana wapatao 1,200 wakiwa wamepumzika, vikao vinne vya dakika 15 hivi kwa siku mbili, kila kikao kikitoa picha 1,200, kwa kuwa zilipigwa haraka kuliko kila sekunde mbili. Safu 24 za mwendo, idadi inayotumiwa na watafiti wengi, kila kikao kati ya vinne kikipewa zake, huwa 96. Ukizitoa katika picha 4,800, kinachobaki ni kingi.

Utafiti uitwao Midnight Scan Club, wa chuo kilekile cha St. Louis, ulichapishwa mwaka 2017. Watu 10 walilala mashinani saa za usiku wa manane, vikao 10 kila mmoja, dakika 30 za mapumziko kwa kikao. Hiyo ni saa 5 kwa kila mtu. Hapa pia kila kikao kina picha za kutosha kubeba safu zake.

Sasa mchukue mtoto mgonjwa aliyeweza kutulia dakika 5. Picha ni 150. Ondoa zile zilizoharibika kabisa, labda zinabaki 60. Weka safu 36, na hesabu imebakiwa na nafasi 24 tu za kueleza ubongo. Kikao hicho kikiwekwa pembeni ya kingine chenye picha nzuri 150, tofauti yao inaweza kutokana na usafishaji wenyewe. Ndiyo maana kila kikao kipewe aina zilezile za safu, zichaguliwe kwa sababu inayoelezeka, na kabla ya kuanza iamuliwe kikao kikiwa kifupi kiasi gani kitaachwa.

Kuna hatari nyingine. Mtu anayeambiwa agusishe vidole huweza kutikisa kichwa kila anapogusisha. Kelele na kazi ya ubongo vinakuja pamoja, na safu inayoondoa kimoja huondoa sehemu ya kingine. Hakuna hesabu ya baadaye inayomaliza tatizo hili. Dawa iko mwanzoni: kumweleza mtu kwa lugha anayoielewa, kumlaza kwa raha, kumwekea mito pembeni mwa kichwa na kumpa muda wa kuzoea.

Jirani zetu wa Mbarara

Ukivuka mpaka wa Murongo, wilayani Kyerwa, na kuingia Kikagati, barabara inaelekea Mbarara, mji wa Uganda ambao watu wake wanazungumza Kinyankole, ndugu wa karibu wa Kinyambo. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Johnes Obungoloch na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa Leiden nchini Uholanzi, waliunda mashine ya MRI papo hapo chuoni. Vipande vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi. Wakufunzi wanne na watu sita wasiokuwa na mafunzo ya kazi hiyo walipanga sumaku moja moja katika pete 23, na tangu mzigo kufika hadi picha ya kwanza zilipita siku 11 hivi. Taarifa ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2023.

Sumaku yake ina nguvu ya militesla 50, mara 30 chini ya mashine ya tesla 1.5 iliyozoeleka hospitalini. Mashine za aina hii zimekusudiwa kuona umbo, hasa kwa watoto wenye kichwa maji, yaani waliojaa maji ndani ya ubongo.

Sumaku dhaifu hutoa ishara dhaifu, na mashine za aina hii, zinazosukumwa kwa magurudumu, hazikai katika chumba kilichozungushiwa metali ya kuzuia mawimbi. Nyaya za umeme na mota za jirani huingiza kelele, na mwili wa mgonjwa wenyewe huzivuta kama antena. Ndiyo maana watafiti wa Boston waliunda njia ya kuweka nje koili za ziada, yaani nyaya za kunasa mawimbi, za kusikiliza kelele tu, kisha kukadiria kelele hizo zimeingia kiasi gani kwenye ishara ya ubongo na kuziondoa. Kiasi hicho hakikadiriwi mara moja kwa wote. Hukadiriwa upya, hata ndani ya kipimo kimoja, kwa sababu mwili ukibadilika au mota ikiwashwa, njia ya kelele nayo hubadilika.

Kanuni ni ileile ya vikao vitatu: makadirio ya kelele yafanyike pale kelele zilipotokea.

Kwa nini jambo hili ni letu

Mashine ndogo na nafuu zinapokaribia maeneo yetu, data za ubongo za watu wetu zitaongezeka. Nyingi zitatoka katika vikao vifupi, kwa siku zilizoachana, kwa sababu umeme ulikatika, mtoto alilia, au mama alitakiwa kuwahi gari la kurudi Omurushaka. Data za namna hiyo zikisafishwa kwa safu moja ya pamoja, hali ngumu ya upimaji itaandikwa kuwa hali ya ubongo wetu. Na zikitupwa zote kwa kisingizio cha mitikisiko, wagonjwa na watoto watakosekana kabisa katika elimu ambayo kesho itaamua tiba yao. Yote mawili ni dhuluma, na yote mawili yanaepukika.

Kwa hiyo, ukisoma au kusikia matokeo ya utafiti wa ubongo uliofanywa kwa vikao kadhaa, uliza:

- Je, kila kikao kilikuwa na safu zake za kelele na wastani wake?
- Safu zilikuwa ngapi, na picha zilizobaki ngapi kwa kila kikao?
- Ni watu gani walioachwa kwa sababu ya kutikisika, na je, walikuwa wagonjwa zaidi au wadogo zaidi kuliko waliobaki?
- Makundi yanayolinganishwa yalipimwa siku zilezile na kwa mashine ileile, au kila kundi lilikuwa na siku zake?

Mtafiti aliyefanya kazi yake vizuri atayajibu maswali haya kwa dakika chache, na atafurahi kuulizwa. Anayeshindwa kuyajibu hajatuonyesha bado kwamba alichokiona kilikuwa ubongo. Kijana wa Kyerwa anayesoma takwimu, sayansi ya kompyuta au udaktari aanze kujifunza kuyajibu sasa, kwa kuwa data za watu wake zinahitaji mikono inayojua siku zile zilikuwaje.